Mkono Uliobaki Kiwandani

Kila jioni Kidoti alikaa chini, katikati ya magoti ya mama yake, na chanuo mkononi, asukwe. Siku ile mama alirudi na mkono mmoja. Wa kulia ulibaki kiwandani, kwenye mashine ya kukatia vitambaa. Msimamizi alikuwa ameifunga juu kinga ya wembe kwa utepe wa bluu isishuke, ili kazi iende haraka.

Mkono haukutupwa. Vidole vyake vilishazoea kazi bila kuuliza ubongo, kwa hiyo msimamizi aliuhamishia meza ya vifungo.

Nyumbani, mama alihisi kila kifungo.

"Leo ni makoti," alimwambia nesi aliyekuja kubadilisha bandeji. "Vifungo vya chuma. Baridi!"

"Ubongo umeutunzia nafasi yake," nesi alisema. "Kama mume aliyesafiri. Kitanda hakipangishwi."

Mvua zilipokatika, neva ilichomoza kwenye kovu, nyeupe, nyembamba kama uzi. Ilipita chini ya mlango, ikafuata mtaro, ikavuka barabara. Majirani waliiruka.

"Shemeji, uzi wako umepita dukani kwangu," alisema muuza sabuni. "Nikiukanyaga je?"

"Utakuwa umenikanyaga mimi."

Muuza sabuni akauchorea mstari wa chaki kandokando, wateja waone.

Neva iliingia kiwandani, ikapanda meza ya vifungo, ikasimama karibu kabisa na mkono. Hata unywele usingepita kati yake na mkono. Mama alisubiri. Mkono uliendelea kushona.

"Mbona haigusi?" alimuuliza nesi.

"Seli za neva hazigusani, dada. Umeme hukimbia hadi nchani, ukakoma. Ncha huachia tone la kemikali, tone likavuka upenyo, seli ya ng'ambo ikalipokea. Hata humo kichwani mwako zinaishi hivyo hivyo, zinapungiana mkono tu."

"Basi mimi nifanye nini?"

"Tuma unachotaka."

Jioni mama alimketisha Kidoti katikati ya magoti, akafumba macho, akatuma: njoo nyumbani. Tone likavuka. Mkono ukaweka kifungo chini, ukajikokota hadi ukingoni mwa meza.

"Zamu haijaisha," msimamizi alisema, akaurudisha mahali pake bila ukali.

Mkono haukurudi kwenye vifungo. Kisha ukachukua nyuzi tatu, ukaanza kusuka.

"Mama, unanisuka?"

"Tulia. Usitikise kichwa."

Kidoti alitulia, nywele matimutimu, hadi mama aliposema tayari. Akashukuru, akaenda kujitazama kwenye kioo, akarudi, akalihifadhi chanuo. Kesho yake akaja tena na chanuo. Ikawa ndiyo desturi yao.

Kiwandani misuko ya nyuzi ilirundikana chini ya meza. Utepe wa bluu ulipochakaa na kukatika, msimamizi aliokota msuko mmoja, akaifunga nao tena juu kinga ya wembe, akamwita mkataji mpya aanze kazi. Msuko ulikuwa umekazwa kwa mkono uliojua. Haukulegea.