Marehemu Anapita, Pigeni Sufuria

"Umeniua, Zablon! Umeniua bila hata kuniuliza!"

"Nimekuua kwa bango, Nyar Asumbi. Bango tu. Sasa hiyo ni ya kupandia ukuta?"

"Bango tu? Mamangu alipoanguka chini akalia mpaka sauti ikakatika, alikuwa analilia karatasi?"

"Hiyo ni biashara ya filamu, mama. Wewe ni msanii, unaelewa."

"Msanii gani? Si nimekufa?"

Ploti nzima ilikuwa nje. Aliyekuwa akichambua mboga alitoka na mboga zake, aliyekuwa akinyonyesha alitoka na mtoto, na mimi nilitoka na kichwa kimesukwa upande mmoja tu, upande wa pili umesimama kama umeona simba. Ugomvi wa Marcella, huyo binti wa Asumbi, na Zablon si kitu cha kusikilizia dirishani. Marcella alikuwa amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, kifua juu ya ukuta unaotutenga na nyumba ya Zablon, mkononi ameshika bango lenyewe. Picha yake ilikuwa katikati, mshumaa huku, mshumaa kule, na chini yake maandishi mekundu yanayochuruzika: *Bibi wa Nyawawa, Sehemu ya Saba. Filamu ya mwisho ya marehemu Marcella. Migori, Jumamosi.*

Wewe uliyetoka mbali, ngoja nikueleze. Nyawawa ni pepo wa ziwa, roho za waliokufa. Jua likizama, upepo ukivuma kutoka majini na sauti zisizo na wenyewe, hao ndio wanaopita. Nyumba ya kwanza kusikia hupiga sufuria, ya pili hupiga debe, ya tatu hupiga mabati, hivyo hivyo mpaka Homa Bay nzima inalia kama karakana, kuwasukuma mbele warudi walikotoka. Kila nyumba lazima ipige. Ukinyamaza, umewakaribisha.

Zablon aliona hapo kuna filamu. Akatengeneza ya kwanza, watu wakaipenda, akaendelea mpaka zikawa sita. Pesa hakuwa nazo, lakini aibu pia hakuwa nayo. Damu ilikuwa juisi ya kukoroga na unga wa ngano. Polisi walivaa sare ya bawabu wa benki, nembo imefunikwa kwa mkono. Katika sehemu ya nne mwezi ulikuwa tochi nyuma ya kifuniko cha hotipoti, na ukitazama vizuri utaona mwezi unakohoa. Mbuzi yule yule alichinjwa katika sehemu tatu, na bado yuko hai, anakula sabuni za watu hapa mtaani.

Lakini kulikuwa na Marcella. Mchana aliuza omena, dagaa wa ziwani, jioni alivaa gauni la harusi la mtumba akawa Bibi wa Nyawawa. Alikuwa na mwendo mmoja wa polepole, shingo imepinda, macho hayapepesi, ambao ulifanya wanaume wazima washikane mikono gizani. Kila sehemu ilipoisha alikufa, na kila sehemu ilipoanza alirudi, na hakuna aliyeuliza amerudije.

Sehemu ya sita Zablon alimsimamisha ziwani asubuhi nzima ndani ya magugu maji, akaugua kifua karibu aende kweli. Akasema basi. Zablon akamtafuta Phelesia, binti wa chuo, mrembo, mwenye mwendo wa kwenda dukani. Watu wakasema bila Marcella hawaji. Ndipo Zablon alipokusanya vipande vya zamani alivyokuwa hajavitumia, akavichanganya na vya Phelesia, kisha akamuua Marcella ili watu waje kumuaga.

Na walikuja! Lakini walikuja kwetu. Ndugu zake walifika na lori kutoka Asumbi, matawi mikononi, vilio vimetangulia. Kaka yake aliruka chini akikimbia na kulia vile wanaume wa kwao hulia, akapita ndoo, akapita kamba ya nguo, akamkuta dada yake amechuchumaa anapepeta omena. Mdomo ulibaki wazi. Omena pia zilibaki hewani.

Ungedhani mambo yangeishia hapo, kwa kicheko na soda. Marcella alipanda gari siku hiyo hiyo akaenda kwa mama yake, Priscah. Mzee yule alimshika uso, akamshika mikono, akamnusa nywele. Kisha akasimama mlangoni akazuia njia.

"Nimekuona, mwanangu. Lakini nimekulilia mbele ya kijiji na kanisa. Nimenyoa nywele. Siwezi kukuingiza nyumbani kama paka aliyepotea. Mdomo uliokuzika ndio utakaokufukua. Mlete mwenyewe aje aseme hapa."

Akaletewa chakula nje, kwenye nyasi, pamoja na wageni wa matanga yake mwenyewe. Hakula. Alirudi Homa Bay na njaa yake, akachukua ndoo, akaipindua, akapanda.

"Njoo Asumbi useme niko hai," alimwambia Zablon siku ile ya ukuta. "Hilo tu. Sitaki lingine."

"Nikisema uko hai, nani atanunua tiketi? Vumilia kidogo, Nyar Asumbi. Filamu ikishatembea, nitakufufua."

"Utanifufua?"

"Sehemu ya nane."

Hapo hata mtoto aliyekuwa akinyonya aliacha.

Marcella hakumtukana. Alishuka kwenye ndoo taratibu, akaikung'uta, akatutazama sisi wote mmoja mmoja, akacheka kicheko ambacho sijakisikia hata kwenye filamu.

"Mmesikia majirani? Mimi ni marehemu. Na marehemu akipita hufanywa nini?"

Wallahi, hakuna aliyehitaji kuelezwa mara mbili.

Kesho yake jioni Zablon alikuwa ufukweni na kamera ya kukodi, ya mpiga picha za harusi ambaye angeitaka asubuhi. Alibakisha kipande kimoja tu, cha mwisho, ambapo Bibi anainuka majini kimya kimya na kusema neno moja. Phelesia alikuwa amepakwa unga usoni mpaka kope.

"Kimya!" akaamuru Zablon. "Kimya kabisa! Tunaanza!"

Marcella akatokea upande wa mashua zilizoanikwa, beseni la omena kichwani, kwa ule mwendo wake.

Mimi ndiye niliyefungua. Nilikuwa na kifuniko cha sufuria na mwiko. "Marehemu anapita!" nikapiga. Mama wa chapati akapiga karai. Vijana wa mashua wakapiga madebe ya petroli. Upande wa juu mtu alishika mabati ya paa lake mwenyewe, na mlio ukapanda mtaa kwa mtaa. Marcella alipita mbele ya kamera bila haraka, akamsalimu Phelesia kwa kichwa, akaenda zake. Zablon alipoinua mkono tena, naye alikuwa anarudi.

"Mnafanya nini nyinyi?" Zablon alinijia, mishipa imemsimama. "Mnaniharibia kazi!"

"Dairekta, hatuna ubaya nawe. Tunafukuza pepo."

"Pepo gani? Huyo si Marcella?"

"Marcella alikufa. Wewe ndiye uliyetutangazia. Sisi ni nani tubishane na bango?"

Phelesia alicheka mpaka unga ukapasuka, akavua gauni la harusi akabaki na jinzi, akaomba na yeye apewe kifuniko. Kufikia giza, Zablon hakuwa hata na sekunde moja ya ukimya. Alituahidi kreti ya soda, tukapiga. Akatutishia chifu, tukapiga. Akajaribu kwenye ua wake mwenyewe, tukapiga kutoka kila upande wa ukuta, na mbuzi yule wa filamu akawa anaitikia.

Alitorokea Migori. Kule alikuwa na Dahir, Msomali mwenye duka la jumla la vyombo vya jikoni, ambaye nyuma ya duka ana ukumbi wa video wenye mabenchi. Onyesho la Jumamosi lilikuwa kwake. Zablon aliazima kamera nyingine akapanga kumalizia kipande chake uani kwa Dahir, karai la maji likiwa ziwa, na mhudumu wa hoteli jirani akiwa Bibi. Alijiambia Migori hakuna anayemjua Marcella.

Mjinga. Omena za Marcella huliwa na nani? Wanawake wa soko la Migori wamenunua kwake miaka na miaka. Nao walikuwa wamemlilia.

Tulifika Jumamosi mchana, mimi na yeye na kina mama wachache ambao hawawezi kukosa kitu. Marcella aliingia dukani kwa Dahir kwanza. Asli, mkewe, alikuwa amepanga sahani. Akainua macho.

"Audhubillahi!" Sahani zikaenda chini zote.

"Ni mimi, mama. Nishike."

Asli alimshika kwa kidole kimoja, halafu kwa mkono, halafu akamvuta mwili mzima. "Ana joto! Dahir! Njoo! Mama wa omena ana joto!"

Dahir alitoka nyuma, kofia mkononi. Ni mtu mpole, hajawahi kusikika akimpandishia mteja sauti. Alimtazama Marcella muda mrefu, kisha akamwita Zablon kutoka uani.

"Zablon. Uliniambia ulimzika kwa mkono wako. Ulisema ulitupa udongo. Mimi nilisimama hapa dukani nikamwombea, na mke wangu alilia siku mbili. Ulikuwa unanitazama nikiomba."

"Mzee, hiyo ilikuwa ni... ni hadithi tu ya kuvuta watu."

"Ulikuwa unanitazama," Dahir alirudia.

Alikwenda kwenye lango la stoo, akalivuta hadi juu. Sufuria zilikuwa zimepangana mpaka dari, kubwa za harusi na ndogo za maziwa, zote mpya, zinametameta.

"Asli, wape kina mama. Leo wateja wajaribu vyombo kabla ya kununua."

Jamani! Mimi nimekaa ziwani maisha yangu yote, lakini sijawahi kusikia sufuria mpya mia moja kwa mpigo. Soko lilihamia pale. Marcella alitembea kutoka duka hadi ukumbi na kurudi, shingo imepinda, na kila alipomfikia Zablon alisimama, akamwangalia bila kupepesa, akaendelea. Watu waliokuja kutazama filamu walisahau filamu. Zablon aliziba masikio, akazunguka nguzo, akajaribu kupita, wakamfungia njia kwa makarai. Dahir alibandua bango ukutani, akalikunja vizuri, akamtilia Zablon mfukoni mwa shati.

"Sema unataka nini!" Zablon alipiga kelele hatimaye. "Marcella! Sema!"

Marcella aliinua kidole. Soko zima likanyamaza. Wallahi, Zablon angekuwa na akili angewasha kamera wakati ule.

"Nilishasema. Asumbi. Kwa boma la mama yangu, kwa mdomo wako."

"Nitakuja kesho."

"Na mabango yote yatoke. Kila mahali."

"Yatatoka. Naapa."

Kesho yake baada ya misa tulikuwa njiani, gari limejaa mpaka buti. Zablon alikaa mbele na suti ya mazishi. Kabla hatujafika, Asli alinipigia simu. Nduguye alikuwa mji wa Kehancha kununua ng'ombe, na jana jioni ile ile, baada ya viapo, Zablon alikuwa ameionyesha filamu kule kwenye ghala la tumbaku, haina hata mwisho, na bango la marehemu bado liko mlangoni. Tena limewekewa mshumaa wa tatu. Nilimnong'oneza Marcella. Nilifikiri atamkaba mtu palepale.

"Usimwambie kitu," alisema taratibu, akitazama nje. "Mwache amwambie mama mwenyewe."

Boma lilikuwa limejaa. Wale wale waliolia na matawi walirudi, safari hii na viti. Mama Priscah alikaa mbele ya mlango, kichwa kimenyolewa, kanga mabegani. Zablon alisimama mbele yake na mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Mimi Zablon ndiye niliyesema Marcella amekufa. Nilidanganya. Yuko hai. Naomba msamaha kwako mama, na kwa boma hili."

Watu waliguna. Mama akageuza macho kwa binti yake. "Nyathina, mwanangu, umesikia. Pita." Marcella akapita kando yake, akavuka kizingiti, na ndani nikasikia amevuta pumzi kama mtu aliyekuwa chini ya maji.

Zablon alipangusa jasho akataka kurudi nyuma.

"Ngoja," alisema mama. "Hiyo karatasi yenye mishumaa. Umeitoa yote?"

"Yote, mama."

"Hakuna mahali imebaki?"

"Hata moja."

Nilimwona Marcella kupitia mlangoni, amesimama gizani, shingo yake imepinda kidogo.

Kwetu watu wenye ugomvi hawali sahani moja mpaka yaishe kabisa. Anayekula chakula cha aliyemkosea huku ameficha uongo tumboni, chira humshika. Humkausha polepole, na hakuna hospitali inayoijua dawa yake. Zablon anajua. Alitengeneza sehemu ya tano nzima juu ya jambo hilo, na alilia mwenyewe akiipiga.

Mama Priscah aliinuka kwa kushika ukuta. Ndani, samaki alikuwa tayari mezani na ugali unatoa moshi. Zablon alitazama lango. Kaka yake Marcella alikuwa amelisimamia, mkono juu ya komeo, hana haraka.

"Basi yameisha," alisema mama, akamfungulia mlango wote. "Nawa mikono, baba. Ingia ule."