Sentensi ya Nne ya Doreen

Madaftari yalikuwa themanini na matatu, na Nahla alikuwa amefika la arobaini na moja alipoikuta ile sentensi. Zoezi lenyewe lilikuwa jepesi: andika sentensi tano za Kiingereza kuhusu nyumbani kwenu. Wengi waliandika juu ya ng'ombe, ndizi na shamba la chai. Doreen wa darasa la sita, binti mpole mwenye herufi ndogo zilizonyooka, aliandika kwamba baba yake, Yohane, alishafariki. Kwamba anaishi na mama na babu. Kwamba wanafuga kuku saba. Sentensi ya nne ilisema, kwa Kiingereza kisicho na kosa hata moja: mama yangu hujificha babu yangu anapopita.

Nahla aliweka kalamu chini.

Ilikuwa wiki yake ya sita pale kijijini Matwebe. Alizaliwa Maskati na kukulia huko huko, lakini Kiswahili alilelewa nacho na bibi yake wa Unguja. Alikuwa ameomba likizo ya miezi minne benki, akajilipia nauli, akaja kufundisha Kiingereza kwa kujitolea katika shule ambayo watoto wanne walishika kitabu kimoja. Wenzake aliokuja nao, waliopelekwa mikoa mingine, walihangaika na lugha. Yeye hakuhangaika. Watoto walimcheka akisema "skuli", naye akacheka nao, na moyoni akajiona kama mtu aliyefika kwao.

Kesho yake alimbakisha Doreen baada ya kipindi.

"Doreen, kwa nini mama anajificha?"

Mtoto alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji ni maji. "Babu akipita, madam."

"Babu ni mkali?"

"Hapana, madam."

"Humpiga mama?"

Doreen akainamisha kichwa, akawa anafikicha kona ya daftari. "Hapana, madam." Nahla aliiona sauti ile ndogo mno.

Alhamisi akamsindikiza nyumbani. Njiani wakakutana na Beatrice, mama yake Doreen, ambaye asubuhi alipika uji wa shule na mchana alikata majani ya ng'ombe. Walisalimiana vizuri, wakatembea pamoja wakizungumza habari za mvua. Mara kikasikika kikohozi kutoka kwenye kona ya njia. Beatrice aliutupa mzigo wa majani pale pale, akakimbilia migombani, akachuchumaa na kujifunika kanga mpaka usoni. Mzee Amoni, babu yake Doreen, akatokea, mrefu, amevaa kofia na mabuti ya mpira. Alitazama upande wa pili wa njia. Akamsalimu mwalimu kwa adabu, akauruka mzigo wa majani bila kuuliza ni wa nani, akaenda zake. Ule uzoefu wa kuuruka ndio uliomtia Nahla baridi.

Nyumbani aliona zaidi. Chakula cha mzee kilipelekwa na Doreen. Mama yake alisimama nyuma ya jiko mpaka mtoto aliporudi. Nahla alipotoa fomu ya wazazi na kuuliza jina la mwenye nyumba, Beatrice alitazama chini.

"Andika tu babu yake Doreen."

"Jina lake, lakini?"

"Doreen atakuambia, mwalimu."

Nahla aliandika yote kwenye kijitabu chake, kwa tarehe na saa. Kabla ya safari walikuwa wamefundishwa kwamba mtoto au mama akiwa hatarini, usiulize majirani, maana majirani ndio hunyamaza kwanza. Nenda kwa wanaohusika. Ijumaa akapanda bodaboda hadi mjini Tukuyu, kwa ofisa wa ustawi wa jamii aliyeitwa Emmanuel, kijana mtaratibu aliyehamia kutoka Shinyanga mwezi uliopita tu. Emmanuel alisoma kijitabu mara mbili.

"Umewauliza majirani?"

"Tulifundishwa tusiwaulize."

"Na sisi pia," akasema Emmanuel, akachukua fomu.

Jumatatu, kipindi cha pili, gari lilipita mbele ya shule. Mzee Amoni alikuwa ameketi nyuma, katikati ya askari wawili. Walimchukua pale watu wanapopimia majani ya chai, mbele ya wote waliokuwa kwenye foleni, na kikapu chake kilibaki chini kikiwa hakijapimwa. Watoto walijazana madirishani. Doreen hakwenda dirishani. Alibaki ameketi, kalamu mkononi.

Mwalimu mkuu, Wilson, alimwita Nahla ofisini. Alikuwa mtu asiyepandisha sauti.

"Mwalimu Nahla, hili jambo unalijua?"

Nahla alimweleza, akampa kijitabu, akitegemea kumwona akiona aibu. Wilson alisoma polepole kwa kidole. Mlangoni alikuwa amesimama Mwalimu Hellen, mama mtu mzima wa darasa la kwanza, chaki bado mkononi. Alianza kucheka, kisha akaacha.

"Yule ni mkwe wake," Wilson akasema.

"Najua ni mkwe wake."

"Ngoja, mwalimu. Kwa desturi ya hapa kwetu, mke haonani na baba wa mumewe. Hatamki jina lake. Hampi kitu mkononi, hawakai chumba kimoja. Akimsikia njiani anampisha. Siku hizi wengi tumelegeza, huko mjini wanapeana mpaka mikono. Lakini ukoo ule bado unashika. Na mzee anakohoa makusudi, ili mwenzake apate nafasi asifedheheke."

"Hata mume akishakufa?"

"Akishakufa ndiyo zaidi," Hellen akadakia. "Boma lina mama mjane na mzee asiye na mke. Watu wangesema nini, mwanangu? Kule kujificha ndiyo heshima yake, na heshima ya mzee. Mimi mkwe wangu nilimjua kwa viatu tu. Siku ya kuaga mwili ndiyo nikajua kumbe alikuwa na kipara."

Hakuna aliyecheka. Nahla alirudia kijitabu kichwani, mstari kwa mstari: kikohozi, kanga, mzigo, jina. Hakuna alichokiandika ambacho hakikutokea.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ulimwuliza nani?" Wilson hakuuliza kwa hasira. "Tulikusikia unaongea Kiswahili kutushinda sisi wenyewe. Tukasahau kuwa wewe ni mgeni."

Akampigia simu Emmanuel. Waliisikia sauti yake wote watatu, ya upole lakini haikuyumba.

"Mwalimu mkuu, tangu nilipokuwa Shinyanga kila wiki napigiwa simu na ukoo fulani wanasema mambo yamekwisha nyumbani, ni mila tu. Mengine yalikuwa mila kweli. Mengine nilimkuta mama hospitali. Sitamwachia kwa simu. Huyo mama aje mwenyewe, aseme mbele yangu na mbele ya mzee."

Beatrice walimkuta anasugua sufuria la uji. Nahla alimwambia mwenyewe, hakumwachia Wilson. Alitegemea kupigwa kofi na alikuwa tayari. Beatrice aliendelea kusugua mpaka sufuria likawa safi, akalifunika chini, akanawa mikono.

"Yuko ndani, au wamemweka nje?"

"Ndani, ofisini."

"Amekula?"

Nahla hakujua.

Nahla na Beatrice walifika mjini saa saba. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, na kikohozi kikatoka ndani. Beatrice akasimama papo hapo. Akaketi sakafuni, nje ya mlango, mgongo ukiegemea ukuta.

"Mama, ingia," Emmanuel akasema. "Usiogope, mimi nipo."

"Uliza kutoka huko, mwanangu. Nitajibu nikiwa hapa."

"Hapana, mama. Nikiandika kwamba umekataa kuwa naye chumba kimoja, atakayeisoma hii karatasi ataelewa nini? Atalala hapa, kesho tutaendelea."

"Mimi ndiye niliyekosea," Nahla akasema. "Futa maneno yangu."

"Hayafutwi, dada. Ukishayasema yanakuwa ya ofisi."

Kisha mzee akasema, na sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko Nahla alivyoikumbuka: "Mwache huko aliko. Mimi nitalala. Hapa hapana baridi sana."

Ndipo Beatrice alipoinuka.

Aliingia akitazama sakafu, hatua tatu. Mzee Amoni aliruka kutoka kitini kama aliyemwagiwa maji ya moto, akageukia ukuta na kuishusha kofia machoni. Beatrice akainua uso, akamtazama.

"Huyu ni Amoni," akasema. Mzee alishtuka, bega likagonga ukuta. "Miaka kumi na mitatu niko kwake. Hajanipiga. Hajanigusa. Hajavuka mlango wangu. Mume wangu alipokufa, ndugu walitaka mimi niondoke, mtoto abaki. Yeye ndiye aliyewaambia nibaki na mtoto wangu. Andika."

Emmanuel hakuandika mara moja. "Mzee," akasema taratibu, "una la kusema?"

Mzee Amoni aligeuka. Machozi yalikuwa yanashuka bila yeye kuyafuta. Alitikisa kichwa kwamba hana, na kwa dakika moja, labda chini ya hapo, wale wawili walitazamana. Nahla aliwahi kuona watu wakitukanwa hadharani. Hakuwahi kuona mtu akipigwa na jina lake mwenyewe, lililotajwa na mtu anayemtetea.

Karatasi ilisainiwa. Emmanuel alimpa mzee mkono, akamwomba radhi, kisha akaketi akiitazama meza yake.

Nje, Beatrice alikuwa ameegemea nguzo ya baraza.

"Ana uso wa Yohane," akasema. "Sikujua. Nilikuwa namjua kwa mabuti na kikohozi. Kumbe Yohane angezeeka vile."

"Mimi sirudi naye," Beatrice akaendelea. "Nimemtaja jina, nimemwona uso; siwezi kuwasha moto pale kwake mpaka wazee wakae na jambo litengenezwe. Naenda kwetu Suma."

"Kwa siku ngapi?"

"Sijui. Kwetu halijawahi kutokea hili. Wazee wenyewe itabidi waulizane."

"Na Doreen?"

"Doreen ni mtoto wa pale, na shule yake iko pale. Nikiondoka naye watasema nimekimbia." Akajifunga kanga upya, kwa nguvu. "Mrudishe mzee nyumbani, mwalimu. Wewe unaweza kukaa naye."

Akashuka baraza, akaelekea stendi bila kugeuka.

Nahla alikodi bajaji. Mzee Amoni alikaa upande mmoja, mikono magotini, naye upande wa pili. Mashamba ya chai yalipita, na mzee hakusema kitu mpaka walipoiacha lami.

"Huko kwenu ni mbali?"

"Mbali, babu."

"Na huko, mke wa mwana anakaa na baba mkwe?"

"Anakaa naye. Hula pamoja. Akizeeka anamnawisha mikono."

Mzee aligeuka, akamtazama kwa mara ya kwanza, macho yamemtoka kama aliyeambiwa kwamba kule watu hulala na chui kitanda kimoja. "Mnaweza," akasema.

"Babu, nisamehe."

"Nimesikia," mzee akajibu. Nahla hakuthubutu kumwuliza kama kusikia ni kusamehe.

Doreen alikuwa amesimama mbele ya boma na sare zake za shule. Alipomwona babu yake anashuka alikimbia, akapiga goti, akaamkia. Kisha akachungulia ndani ya bajaji. Akatazama barabarani, nyuma yake.

"Babu, mama yuko wapi?"

Mzee Amoni alivua kofia, akaikunguta vumbi ambalo halikuwepo.

"Mwalimu atakuambia," akasema, akaingia ndani.

Bajaji iligeuza, ikaondoka. Nahla alichuchumaa ili macho yao yalingane. Kiswahili chote cha bibi yake kilikuwepo kinywani, maneno mengi mazuri ya kuzungukia, na mtoto alikuwa anangoja.

"Mama yako yuko Suma," akamwambia. "Mimi ndiye niliyemwondoa hapa. Na siku atakayorudi siijui."