Asilimia Thelathini za Odessa

Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeombea nchi yake vita, na Odessa Hinckson hakuwahi kuiombea kwa mdomo. Alichofanya ni kuitabiri tu, kwa mshahara, katika ofisi moja ya bima mjini Georgetown. Kisha akaanza kuingoja. Kati ya kutabiri na kungoja pana hatua ndogo sana, naye aliivuka bila kujijua.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Meli zinazobeba mafuta ya Guyana hazikatiwi bima kwa kubahatisha. Wenye meli wanataka kujua jirani Venezuela, anayedai kwamba sehemu kubwa ya nchi ni yake, ana mpango gani. Basi kila Jumatatu watabiri wa ofisi waliandika tarakimu zao ubaoni, chini ya swali moja: je, kabla ya mwaka kwisha, majeshi ya nchi hizi mbili yatapigana na kuua askari japo mmoja? Swali lilikuwa na masharti yake. Wahuni wa machimbo ya dhahabu hawahesabiki. Ajali haihesabiki. Majeruhi akipona hahesabiki. Mwisho wa mwaka aliyekaribia ukweli anasifiwa, aliyepotea anachekwa mpaka mwaka unaofuata.

Wenzake waliandika tatu, nne, tano kwa mia. Odessa aliandika thelathini. Mdogo wake Delon alikuwa askari kwenye kambi ya mto Cuyuni, mpakani kabisa, na hadithi zake za boti za ng'ambo zilimtia Odessa kiburi kwamba yeye anajua wasiyoyajua wengine.

"Mama Vita kaamkaje?" Bwana Ramkellawan, mkuu wao, alimtania kila wiki. "Mizinga bado tu?"

"Cheka, bosi. Utanitafuta."

"Shusha hiyo thelathini, binti. Kushusha si aibu."

"Sishushi."

Hakushusha. Miezi ikapita kimya, na kila wiki ya amani ilimwumbua. Ikafika mahali akiamka anashika simu kabla ya kupiga mswaki, anatafuta habari mbaya, na asipoipata anasonya. Delon akipiga kusema kumetulia, wanacheza dhumna na kuvua samaki, alimjibu "afadhali" huku amenuna. Ndugu yake wa tumbo moja yu salama, naye kanuna! Alijichukia kwa hilo, usiku akageuka na kugeuka kitandani akijiita mchawi. Lakini asubuhi thelathini ilibaki palepale ubaoni.

Jumapili moja ya Desemba, mama yao, Miss Verlyn, alikuwa jikoni akipika wali wa nazi na kunde. Odessa alikuwa mezani na karatasi zake za ofisi. Simu ikalia.

"Dada, ni mimi."

"Delon! Mbona sauti hivyo?"

"Tumepigwa risasi. Asubuhi hii. Tulikuwa kwenye boti, tunapeleka chakula kambi ya juu, wakatufyatulia kutoka ng'ambo."

Moyo wa Odessa uliruka. Tuseme ukweli, haukuruka kwa hofu. Kilichomjia kwanza kilikuwa furaha, ile furaha ya kitoto ya mtu aliyebishiwa mwaka mzima. Aibu ilifuata mara moja, ila mdomo ulishatangulia.

"Nani kapigwa?"

"Kelvon."

Kelvon, askari mwenzake Delon, Odessa alimjua vizuri. Krismasi iliyopita alikula pale pale mezani, akakomba bakuli la nyama, na Miss Verlyn akamwambia arudi tena.

"Amekufa?"

"Hajafa. Imemwingia tumboni. Ndege imemchukua sasa hivi."

"Kwa hiyo hajafa," alisema Odessa, na akaisikia sauti yake mwenyewe ikishuka. Delon naye aliisikia.

"Waliofyatua ni jeshi?" Odessa aliendelea. "Umeona sare?"

"Sijui. Msitu mzito ule."

"Fikiria vizuri, Delon. Sare, au nguo za kiraia? Boti yao ilikuwa na bendera?"

"Nilimwona mmoja tu. Kaptula na fulana nyekundu. Kamanda anasema ni wahuni wa dhahabu."

"Ana uhakika gani, huyo kamanda?"

"Dada, unaandika?"

Alikuwa anaandika. Pembeni mwa karatasi ya ofisi, kwa mwandiko wake mzuri, palikuwa na *hajafa*, na *fulana*, na *bendera* yenye alama ya kuuliza. Hakukumbuka hata kuishika kalamu. Aliitupa mezani kama imemchoma.

"Hapana," alisema.

"Ni lile swali lenu la ofisini." Delon hakuwa anauliza. "Kelvon nilikaa naye ubao mmoja botini, dada. Bega kwa bega. Damu yake imenikaukia mpaka kwenye soksi. Umeniuliza sare, umeniuliza bendera, umeniuliza hata habari za kamanda. Hali yangu hujaniuliza."

Miss Verlyn alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, mwiko mkononi. Haikujulikana alifika pale saa ngapi, lakini uso wake ulionyesha kwamba aliyosikia yalimtosha. Odessa alitamani ardhi immeze. Angeapa kwamba anampenda mdogo wake kuliko kazi zote za dunia, na kingekuwa kiapo cha kweli, na kisingemsaidia kitu.

"Uko mzima, mdogo wangu?" aliuliza.

"Niko mzima," Delon alimjibu, kwa sauti anayompa ofisa wake, fupi na yenye adabu. "Nipe mama."