Lita Tatu kwa Moja

Kimbunga kilikuwa kimeshaanza kung'oa mabati ya nyumba kisiwani Savaii, na watu arobaini walijifungia ndani ya ukumbi wa kanisa. Tuiloma, chifu wa ukoo, alikuwa amegongomea mbao kila dirisha na kila mlango kwa mkono wake, kisha akaamuru nyufa zizibwe kwa mikeka. Alijisifu kwamba hata sisimizi hapiti. Katikati, jiko kubwa la gesi lilikuwa likichemsha kakao na talo, magimbi ya kule, tangu adhuhuri.

Fuatino, mpwa wake, alifundisha kemia. Aliuinua mtungi wa kilo tisa akaukuta mwepesi. Lita moja ya gesi ile ikiungua hula lita tano za oksijeni na kuacha lita tatu za hewa ukaa. Alipiga hesabu kwa kidole juu ya mkeka: mtungi mzima, karibu lita elfu kumi na tano za hewa ukaa, ndani ya chumba kisicho na tundu. Na bintiye Sieni, wa miaka minne, alikuwa amelala kando ya jiko.

"Mjomba, tuzime jiko. Tufungue mlango ule usioelekea upepo."

"Mabati yanaruka huko nje, wewe unataka mlango! Hesabu zako kawape wanafunzi."

Watu wakacheka.

"Mjomba, kichwa kinaniuma."

"Hata mimi kinaniuma, kwa maneno yako."

Kengele ya sala ya jioni ikalia. Hapo ndipo Fuatino alipokwama, maana wakati wa sala hakuna anayeinuka wala kunena, hata nyumba ikiungua. Mchungaji akaanzisha wimbo. Fuatino aliimba huku akiutazama moto. Mwanzo ulikuwa wa buluu. Sasa ulikuwa wa manjano, ukirukaruka kwa kukosa oksijeni. Ubeti wa pili, sauti za watoto hazikusikika tena. Kisha wanawake wa safu ya nyuma nao wakanyamaza, mmoja mmoja.

Alijichukia kwa adabu yake. Akasimama wima, akapita mbele ya wazee bila kuinama, akafunga gesi, akashika nyundo ya mjomba, akaanza kung'oa mbao za mlango ule.

"Umerukwa na akili?" Tuiloma alifoka, akajaribu kuinuka. Magoti yakakataa, akaangukia mikono yake. Alitazama mikono hiyo, akawatazama watoto waliolala bila kutikisika. Akatambaa hadi mlangoni, na ubao wa mwisho waliung'oa pamoja.

Upepo uliingia na mvua yake. Fuatino alimwinua Sieni, akampiga makofi mgongoni, akamwita, akamwita tena. Mtoto akatapika, akalia. Fuatino naye akalia kwa sauti, bila haya. Watoto wengine wakaanza kukohoa.

Tuiloma alikaa kizingitini, akikinga mvua kwa mgongo wake.

"Mchungaji," alisema, "ubeti wa tatu bado."

Wakauimba wakiwa wamelowa. Sieni hakuujua, alifungua kinywa tu.