Uzi wa Kifungo cha Pili

Jumanne baada ya chai, Linet alikuwa uani akimchana nywele mama mkwe wake, kichana kikakwama kwenye uzi wa wavu. Ulitoka nyuma ya sikio la Mama Filister, ukapita juu ya ua, ukashika njia ya Homa Bay hadi kisiwa cha Mfangano, alikoshona nyavu za wavuvi miaka arobaini. Linet alikipitisha kichana kando, akaendelea.

Kufikia Ijumaa nyuzi zilikuwa kumi na tatu, kila mmoja umeshika kitu chake. Majirani hapo Migori walianika nguo kwenye ule mrefu. Daktari alizipapasa, akasema ni ugonjwa wa kusahau, sehemu za ubongo haziunganiki tena kama zamani. Akaandika Panadol.

Za mbali zilikatika kwanza. Ulipokatika uliofika kaburini kwa mumewe, Mama Filister akaanza kumpakulia marehemu ugali. Uliobaki imara ulishika kifungo cha pili cha shati la Cephas, mwanawe wa pekee, mwalimu. Nyavu ndizo zilizomsomesha. Utotoni alikataa kufundishwa fundo la wavu, asije akanuka samaki darasani.

Tangu mama alipovua blauzi mbele ya wageni, Cephas alimfungia katika chumba cha nyuma kila Sabato. Kanisani alisema yuko Mfangano, mzima.

Sabato moja alisimama kuwekewa mikono awe mzee wa kanisa. Uzi ulikuwa umeingia chini ya mlango wa kanisa, ukapita katikati ya viti, umekaza.

"Mwalimu, nani amekufunga?" aliuliza Mzee Dishon. "Naona unatoka kwako nyumbani."

"Labda ameoa mara ya pili!" akasema mama mmoja wa kwaya. Watu wakacheka.

"Ni kamba ya mbuzi," Cephas akajibu.

Akatoa wembe wa kuchongea penseli, akaukata. Wakamwekea mikono.

Alipofika nyumbani alifungua chumba cha nyuma. Mama Filister aliinuka, akajifuta mikono kwenye leso, akampisha kitini.

"Karibu, mgeni. Umetoka mbali?"

Cephas alipiga magoti, akaokota ncha ya uzi iliyokuwa imejivuta hadi miguuni pa mama, akaifunga kifungoni. Ikateleza. Akafunga tena, ikateleza. Mama alimtazama kwa huruma.

"Hilo si fundo. Mama yako hakukufundisha?"

"Alitaka kunifundisha."

"Sasa yuko wapi?"

Linet alikuwa amesimama mlangoni na sahani. Cephas aliugusa wembe mfukoni, kisha akatazama sakafu.

"Yuko Mfangano."

"Ah, huko ni mbali, nyathina," alisema, akimwita 'mwanangu' kwa Kijaluo, kama alivyowaita wachuuzi wote wa mboga. "Umsalimie. Mwambie asikukatie tamaa."

"Nitamwambia," akasema Cephas.

Sabato iliyofuata Mzee Dishon alimuuliza habari za mama. Cephas alisema ni mzima, na ametuma salamu. Kisha akapapasa mfuko wa koti kuhakikisha ufunguo wa chumba cha nyuma upo.