Mgongo wa Mkwe

Wanaume kadhaa walisimama ndani ya mahakama ya Busia wakiutazama ukuta: karani, askari, tanboi wa malori, na katikati yao mume wangu Makokha. Mama yangu, Zilpa, aliingia kinyumenyume, kitambaa amekishusha hadi kwenye nyusi, nami nimemshika mkono asijikwae.

Mwaka wa sitini na sita Makokha alikuwa tanboi, yaani utingo wa malori, pale Malaba. Belo, furushi kubwa la vitenge, likaibwa, na dereva mmoja akaapa kwamba alimwona akilibeba. Makokha akasema siku hiyo alikuwa Butula, akilima shamba kwa ng'ombe.

"Nani alikuona?" hakimu akamuuliza.

Aliyemwona ni mama mkwe wake, na kwetu mkwe hakutani uso kwa uso na mama wa mkewe, sembuse kumsimamisha mbele ya watu amtetee. Hakumtaja, akafungwa miaka miwili.

Mama aliposikia, aliweka jembe chini. "Mahindi aliyonilimia yamenifika kiunoni. Nitayala nikinyamaza? Nipelekeni. Ila nisimwone uso."

Rufaa ikaenda Kisumu. Wakili wa serikali alisema ushahidi ambao mtu aliujua tangu mwanzo hauwezi kuitwa mpya. Jaji alikubali kwamba sheria ni kali: ushahidi uwe ule ambao haungepatikana mwanzoni hata kwa bidii, uaminike, tena uwe na uzito wa kuweza kugeuza hukumu. Kisha akamgeukia Makokha.

"Kwa nini hukumwita?"

"Bwana Jaji, ni mama mkwe. Wewe ungemwita wako?"

Jaji alivua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu. Akasema mtu huyu hakumficha shahidi wake. Hakuwa na njia ya kumfikia. Kesi isikizwe upya, mbele ya hakimu mwingine.

Huyo mwingine ndiye aliyemwekea Mama kiti kikielekea dirishani, akawageuza wale wanaume ukutani ndipo akamwita aingie. Wema wake siusahau.

"Mama, unamjua aliyekulimia?" akamuuliza.

"Uso siujui. Nilikuwa mlangoni pa jikoni, yeye ananipa mgongo, mpaka ng'ombe wakafunguliwa."

"Na siku unaikumbukaje?"

"Ilikuwa siku ya kumzika katekista wetu. Wanaume wote walikwenda matangani. Huyu peke yake alikuja kunilimia."

Akageuza shingo, akatazama mara moja. "Ni huyo wa katikati. Bega la kushoto limelala. Nilimwonya binti yangu juu ya hilo bega."

Hata hakimu alicheka. Mwendesha mashtaka hakuwa na swali.

Makokha aliachiliwa kabla ya chakula cha mchana. Nilimkuta kando ya mlango, mikono nyuma, ametulia kama mtu aliyepanga foleni.

"Ndugu, uko huru," askari akamwambia. "Nenda nyumbani."

"Najua, afande. Acha mama apite kwanza."

Mama alikuwa barabarani, akienda polepole, akisimama kumsalimia kila aliyekutana naye. Tukangoja.