Kucha Ndefu za Wifi

Kosa la msusi lilikuwa kuamini kwamba wifi yake anamfundisha. Mwaka uliopita, ukoo wa mumewe ulipokwenda kulala msituni kwenye bembea za kitambaa, zile zinazofungwa baina ya miti miwili, mgeni wa mambo hayo alikuwa yeye peke yake. Wifi, dada wa mumewe, akajitolea kumpa somo. Kaza kamba mpaka kitambaa kiwambike kama ngoma, alimwambia, ulale katikati umenyooka, na fundo funga kama la kiatu ili asubuhi usihangaike kulifungua. Msusi akafanya hivyo hivyo. Akapanda, akadondoka chali mbele ya baba mkwe, sketi ikamfunika uso.

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mumewe, aliyekuwa karibu kuliko wote, akasema gunia limeshuka, na jina likamganda. Nyumbani akawa Gunia, sokoni Gunia, na hata saluni kwake wateja wakaanza kuuliza kama Gunia yupo au katoka.

Angesamehe, maana kuanguka ni kuanguka. Lakini siku moja wifi alikuja kuoshwa nywele. Watu wakishalaza kichwa kwenye beseni husahau kwamba mwenye mikono ana masikio pia. Wifi akamsimulia shoga yake wa kiti cha pili jinsi alivyomfundisha Gunia mambo kinyume makusudi, watu wapate kuchangamka. Msusi akaendelea kusuuza, povu likaisha, akamfunga taulo na kumuuliza kama maji yalikuwa sawa. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Akanunua bembea yake, akaifunga kwenye nguzo za uani nyuma ya saluni, akajifunza upya. Alijua sasa kwamba kamba haikazwi, huachiwa mpaka kitambaa kibonyee kama mkeka ulioshikwa ncha mbili. Mtu hulala mshazari, kichwa huku miguu kule, ndipo mgongo unyooke. Baridi hupanda kutoka chini, kwa hiyo asiye na kigodoro atatetemeka hata akijifunika mablanketi ya kijiji kizima. Na kabla ya kufunga chochote tazama juu, maana tawi kavu halibishi hodi. Kuhusu mafundo, vidole vya msusi havihitaji mwalimu. Alipata moja linaloshika bembea tupu, likamshika na mtu aliyekaa kitako, ila mlalaji akijigeuza tu, linaachia.

Safari ilipowadia tena, wifi alikuwa anamleta mchumba wake aonekane kwa wazee. Msusi akamwita saluni asubuhi ile akambandika kucha za bandia, zawadi, ndefu na nyekundu. Zilikuwa kucha za kushikia simu, si za kushikia kamba.

Kule msituni mambo yakaenda kama alivyoyapanga. Wifi alihangaika na kamba kidogo, akatazama kucha zake, akaita.

"Gunia, nifungie na yangu basi. Zisije zikabanduka."

"Lete, wifi yangu," alisema msusi.

Wifi akakaa, bembea ikamshika. Akalala kwa madaha, na mchumba alipomwita akajigeuza kumtazama. Fundo likaachia, naye akatua kwenye majani kwa kishindo. Ukoo mzima ukaangua kicheko. Mkuki kwa nguruwe mtamu, msusi alijisemea, na utamu aliusikia kweli.

Haukudumu. Mchumba hakucheka. Alipiga magoti, akaivuta sketi ya mwenzake ikafunika mapaja, akauliza ameumia wapi, kisha akawageukia waliokuwa wanacheka kwa jicho ambalo lilimfanya hata baba mkwe ajikohoze. Msusi akabaki na kipande cha kamba mkononi. Mwaka jana hakuna aliyemvutia sketi. Aliyekuwa karibu kuliko wote ndiye aliyempa jina.

Na huyo alikuwa bado anacheka, peke yake sasa, akijifuta machozi.

"Sasa tunao Gunia Mkubwa na Gunia Mdogo," mumewe alisema.

Mwaka mzima alikuwa amemchukia nusu tu ya waliomkosea. Kikulacho ki nguoni mwako, na hasira yake yote ikahama pale pale, ikapata mwenyewe.

Jua lilipoanza kushuka, mume, aliyedhani dada yake ameanguka kwa kujigeuza ovyo, akamtupia bembea yake miguuni. "Mke wangu, fundi ni wewe sasa. Nifungie na mimi."

"Nikufungie wapi?"

"Popote penye upepo."

Akachagua miti miwili kando ya kijito, palipo na tope jeusi lililotulia. Akatazama juu kwanza, mumewe asije akaangukiwa na tawi, kwani hakutaka aumie. Alimtaka mzima, na masikio yake yote mawili. Kamba akaiachia vizuri, fundo akafunga lile lile. Kisha akawaita wakwe, mawifi na watoto waje karibu wamwone mumewe anavyopanda.